Kamba Haijakauka

"Imekauka?" mume aliuliza kutoka chumbani.

"Bado," mke alijibu kutoka ukumbini.

Hakusema uongo. Kamba ilikuwa imelala juu ya vigingi viwili vya mbao, na tone moja la maji lilikuwa bado linaning'inia chini yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyeilowesha alfajiri, ilipokuwa imebakiza kidogo tu kukauka. Hakuwa mtu wa kuweza kudanganya. Sauti yake ilimsaliti kila mara. Kwa hiyo aliona heri kuilowesha.

Kila kitu kuhusu kamba ile alifundishwa na mume wiki ya kwanza ya ndoa. Kazi ya mume ilikuwa kupaka rangi minara, na huko juu hakuna kingine cha kumshika mtu. Ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande, si ya unga. Ikaukie kivulini. Isitundikwe kwenye msumari, isikae karibu na thina ya kuyeyushia rangi wala betri, isikanyagwe hata na mtoto. Ipitishwe vidoleni macho yakiwa yamefumbwa, maana vidole hupajua palipolegea kabla ya macho. Na kubwa kuliko yote, kamba yenye maji haivaliwi. Hilo mume alilisema mara mbili, na mke alilishika kama sala.

"Mke mwenzio kaoga tena?" jirani alimtania, akipita na ndoo yake. "Mume wangu angeoshwa hivyo angekuwa anang'aa!"

Mke alitabasamu tu, akainama.

Jumatano alikuja shemeji yake, mdogo wake mume. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Naye sasa alikuwa amepata kazi ya minara. Jumatatu ndiyo angepanda kwa mara ya kwanza.

"Shem, nina ombi, usinitoe mbio," alisema. "Kamba waliyonipa kazini imeota manyoya kama paka. Ukiibana katikati inakunjika kama karatasi."

"Wakubadilishie."

"Wamesema asiyeitaka awapishe wenzake." Akashusha sauti. "Na nyumbani kwangu unakujua. Mwenzangu mimba imeingia mwezi wa saba. Nipe ya kaka."

Mke alitazama mlango wa chumbani. "Kamwombe mwenyewe."

"Nimemwomba mara ngapi? Ananiambia subiri ikauke." Shemeji alicheka kidogo, halafu akaacha. "Kamba gani hii isiyokauka, shem? Imeolewa na mvua?"

Mke alilifuta tone lililoning'inia chini ya kamba.

"Kaka akijua imekauka atafanya nini?" shemeji aliuliza.

"Ataitaka. Atasema anakwenda kupanda."

Shemeji alivaa kofia yake, akaivua tena.

"Jumatatu asubuhi nitapita," alisema. "Ukinipa, nitashukuru. Usiponipa, nitapanda na hiyo hiyo yenye manyoya. Sitakulaumu."

Alhamisi hakuilowesha. "Imekauka?" mume aliuliza, kama alivyouliza kila asubuhi. "Bado." Ilikuwa kweli. Ijumaa nayo ilikuwa kweli, ingawa kwa juu kamba ilikuwa imeanza kuwa nyepesi. Jumamosi aliuona mkono wake unakwenda wenyewe kwenye ndoo ya maji. Akaurudisha, akaufuta kwenye kanga.

Jumapili ilikuwa imekauka mpaka ndani.

"Imekauka?"

"Bado," alisema. Alingoja mume amshike uongo. Mume hakumshika.

Mchana alitandika shuka safi sakafuni, akakaa, akafumba macho. Aliipitisha kamba vidoleni toka ncha hadi ncha, pole pole, akitafuta kasoro. Aliomba apate hata mkwaruzo mmoja, palipolegea padogo kama ukucha, ili amwambie shemeji kwamba haifai. Hakupata. Kamba ilikuwa nzima kama siku ilipotoka dukani. Aliikunja, akairudisha kwenye vigingi, akakaa mbele yake mpaka giza lilipoingia.

Jumatatu shemeji alibisha hodi kabla jua halijapanda. Mke aliichukua kamba, akamvisha begani kwa mikono yake, akaikaza.

"Isikanyagwe."

"Haitakanyagwa, shem."

"Ikilowa, usiivae. Lakini na kupanda usipande. Unanisikia? Rudi nyumbani ukalale."

"Nimekusikia." Shemeji aliutazama mlango wa chumbani. "Na yeye utamwambiaje?"

"Nenda. Utachelewa."

Alimsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona. Aliporudi ndani, vigingi vilikuwa vitupu, na ukumbi ulionekana mkubwa kuliko ulivyo. Viatu vya kazi vya mume vilikuwa pale pale chini, safi, kamba zake zimefungwa.

"Imekauka?" mume aliuliza.

Mke alishika fremu ya mlango.

"Imekauka," alisema.

"Basi ilete upesi!" Sauti ya mume ilichangamka. "Wenzangu wananisubiri mnarani."

Mke aliingia. Akapenyeza mikono chini ya mgongo wa mume, akamgeuza kuelekea ukutani, kama alivyomgeuza kila asubuhi kwa miaka miwili, tangu asubuhi ile alipomjibu, "Bado," naye mume akaenda kupanda bila kamba.