Kufuli la Nzuguni

Hilaria alilitambua lile kufuli la mlangoni hata kabla mwalimu hajasimama. Lilikuwa lake.

"Hili ndilo shauri lenu la kwanza," mwalimu aliwaambia Hilaria na wanafunzi wenzake, waliokuwa wakijifunza kuhudumia wazee na watu wenye ulemavu. "Jirani ametoa taarifa. Kuna bibi amefungiwa humu na mwanawe, yuko peke yake tangu asubuhi, na jua lote hili."

"Mtoto gani huyu? Hana hata haya!" mwenzao mmoja alifoka, akaokota jiwe.

Ufunguo ulikuwa kwenye fundo la khanga ya Hilaria. Alilibana hadi vidole vikafa ganzi. Mwezi uliopita mama yake alitoka humu akapotea. Walimkuta Makutupora katikati ya mizabibu, nyayo zinavuja damu, hajui hata jina lake. Sasa nani angekaa naye siku za mafunzo? Nani?

Jiwe liligonga kufuli.

"Msivunje, jamani," mama alisihi kutoka ndani. "Mwanangu atanifungia kwa kitu gani? Nitapotea tena."

Mwenye jiwe alisita. Hilaria akawapita wote, fundo mdomoni, akilifungua kwa meno.