Kadi ya Filamu ya Tano

Mhakiki wa filamu alipanga kadi zake tano mezani, akaona ya tano haina hata neno moja.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiandika gizani, ndani ya ukumbi, macho yakiwa kwenye skrini. Alichokikuta kwenye kadi taa zikiwaka ndicho gazeti lilichokichapa.

Nne zilijaa mwandiko wa kupanda na kushuka. "Askari wanne, akili nusu." "Mapenzi yaliyopashwa moto." "Inachekesha dakika kumi." "Farasi ndiye mwigizaji bora."

Ya tano ilikuwa ya filamu ya bintiye. Kama ingepata chini ya nyota tatu, ukumbi ungeiondoa Jumatatu. Binti mwenyewe alikuwa amemwambia, "Baba, usinibebe."

"Mzee, ukurasa unasubiri," alisema mpangaji wa kurasa. "Ya mtoto iko wapi?"

Akamwonyesha kadi.

"Ulilala?"

Mhakiki aliigeuza. Nyuma nako kulikuwa kweupe. Lakini filamu aliikumbuka tukio kwa tukio, hadi kifungo kilichokatika kwenye koti la mhusika mmoja, mwalimu.

"Sikulala. Nilisahau kuandika."

"Wewe?"

"Chapa hivi: Mwongozaji ni binti yangu. Kadi yangu ilirudi tupu."

"Watasema unampendelea."

"Waseme."

Mpangaji alichapa, akangoja. "Nyota ngapi?"

Mhakiki alivua kifuniko cha kalamu, akaanza kuzichora kwenye kadi, moja moja. Alipomaliza ya tatu hakuinua mkono, akaendelea na ya nne.