Kiti cha Bi Mwanakheri

Siku hizi nyumba nyingi zina kiti cha mawimbi: unakaa, unakunywa chai, na jiwe la figo linasagika kama chumvi, bila kisu. Bi Mwanakheri alikionea fahari chake, na kwake kilikuwa kama kinu, hakinyimwi jirani. Mzee Shekuwe alipoingia ameshika kiuno, akamkalisha papo hapo.

"Jiwe limekwisha. Hongera, Bi Mwanakheri," kiti kikasema.

Wakaangua kicheko kwa kosa hilo la jina. Maumivu yote kwisha! Lakini kwenye kikombe cha pili mzee akapandisha shati. Ubavu ulikuwa umevimba, umevilia damu.

"Mzee wangu, ile dawa ya moyo, ya kuifanya damu iwe nyepesi, bado unaimeza?" Bi Mwanakheri akauliza.

"Kila asubuhi."

Kiti kikambembeleza mzee kwa upole: "Usihofu, Bi Mwanakheri. Wewe humezi dawa yoyote."