Mkono Juu ya Kamera

Angetile alikuwa bwenini Wuhan, akirudia somo lake la Kichina, mumewe alipompigia simu ya video kutoka Kyela.

“Baba amezidiwa. Anataka akuone.”

Simu ikageuziwa kitandani. Mkamwana wa Kinyakyusa hatazamani na baba mkwe. Mzee huyu aliuza kakao ya msimu mzima kumpatia nauli, lakini siku ya safari alimuaga akiwa nyuma ya mlango.

Mkono wa Angetile ukaziba kamera wenyewe, macho yakakimbilia ukutani.

“Toa mkono, mwanangu,” mzee alisema kwa shida. “Leo mila naivunja mimi.”

Walimu wa Kichina aliwatazama machoni kila siku. Kwa mzee huyu, mkono ulikataa kushuka.

Alipoushusha, mumewe alikuwa anamfumba baba yake macho.