Mkanda wa Kijani

Chirau aliinama mbele ya mtu aliyemvunja mbavu.

"Chini zaidi," akasema mwalimu Ishaq. "Huna adabu, wee mzee?"

Akainama zaidi. Taekwondo ya Wakorea ndivyo ilivyo: heshima kwanza, teke baadaye. Na Chirau, mtu wa miaka arubaini na kitu, magoti yakimlia kama bawaba kavu, alilifuata teke tu.

Ishaq hakumtambua. Mtenda husahau, mtendewa hukumbuka. Chirau aliikumbuka asubuhi ile Kibarani, wahuni wa kukodiwa walipokuja na marungu kuvunja vibanda vya mitumba, chake kimojawapo. Wakubwa waliowatuma hawakuonekana. Hao hawaonekani kamwe. Aliyeonekana ni Ishaq, akicheka, akimkanyaga yeye aliyekwisha kulala chini. Kituoni Chirau aliambiwa alete shahidi. Amtoe wapi? Soko lilikuwa kubwa, na kila mtu alikimbia na lake.

Miaka ikapita. Kisha akasikia kuwa Ishaq, sasa ana mkanda mweusi, afundisha watu wazima katika ukumbi mmoja wa Buxton. Mle ndani kumpiga mwalimu si kesi, ni zoezi. Ila wa mkanda mweupe haruhusiwi kupambana naye. Mpaka afike kijani.

Basi akavumilia. Akapasua msamba huku akiuma meno. Na darasa lenyewe lilikuwa baridi: watu wa makamo, hawataniani, hawaagani. Aliyemsemesha ni Swafia peke yake, siku hizi muuza viazi karai wa Mji wa Kale.

"Mguu huo, kaka Chirau, wataka seremala."

"Na wako je?"

"Wangu u tayari zamani. Nangoja mkanda tu."

Darasa zima lilivikwa mikanda ya kijani jioni moja. Ndiyo ilikuwa jioni ya mwisho. Kesho yake Ishaq angepanda ndege kwenda Dubai, kwenye kazi ya ulinzi. Leo au basi tena.

Ishaq akafunga kinga ya kifua. "Haya. Nani aanze kuaibika?"

Chirau alikuwa keshasimama. Akainama kwa adabu zote, akainuka, akazungusha mguu. Teke likaingia ubavuni, pale kinga isipofika. Ishaq akaenda chini, mdomo wazi, pumzi hana.

"Hilo ni la Kibarani," Chirau akamnong'oneza.

Akangoja wanafunzi wamrukie, wamtete mwalimu wao. Hakuna aliyemgusa. Akageuka. Mlango ulikuwa umetiwa komeo, na darasa zima limejipanga foleni, kimya, kila mmoja akikaza mkanda wake.

Swafia, wa mbele, akampiga Chirau kikumbo.

"Umeruka foleni, kaka. Kibanda changu kilivunjwa kabla ya chako."