Trekta la Shemdoe

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku wa kuamkia mazishi ya Shemdoe, mwenye duka la pembejeo na trekta pekee mjini. Asubuhi Kihiyo, dereva wake, alikuwa ameshaosha tela la kubebea jeneza.

Nambua, mjane, alitoka nje, akabonyeza udongo kwa kidole cha mguu.

"Kihiyo, mvua zikianza mzee alikuwa anakutuma kwanza kwa nani?"

"Kwa Mama Semeni, na wengine wasio na wa kuwalimia."

"Basi fungua tela, funga plau."

"Shemeji!" alimaka kaka wa marehemu. "Leo? Watu watatuonaje?"

"Udongo ukikauka hautalimika. Na mabega mnayo."

Wanaume wakalibeba jeneza wakipokezana, matope yakiwafika vifundoni.

Makaburini, mchungaji alisali huku muungurumo wa trekta ukisikika kutoka bondeni. Ghafla ukafifia. Mchungaji akanyamaza. Wote wakageuka kutazama bondeni.

"Amefika mwisho wa shamba," alisema Mama Semeni. "Anageuza."

Wakasubiri, kila mmoja na konzi yake ya udongo mkononi.