Shujaa wa Paani

Bomu la moto lilitoboa bati, likaanza kutema cheche nyeupe. Waliokuwa uani walimwona Taisia akilibana kwa koleo refu, akalirusha chini kwenye theluji, kisha akarudi kwenye giza la paa bila kusema neno.

"Huyu angezaliwa dume, Wajerumani wangekuwa wameshafika kwao," alisema mzee wa ghorofa ya pili. Watu walicheka kidogo. Njaa ilikuwa imewamaliza hata nguvu za kucheka.

Anfisa, msimamizi wa jengo, hakucheka. Yeye naye ni mama, na alijua sifa kama hizo zinakoishia: leo mtoto anapigiwa makofi, kesho anafunikwa shuka.

Leningrad ilikuwa imezingirwa na Wajerumani tangu Septemba. Mkate ulipatikana kwa kadi ya mgao tu, na watu wa zamu ya paa walipata mara mbili ya wale wa kukaa nyumbani. Mtu akifa, kadi yake ilitakiwa irudishwe siku hiyohiyo, na Anfisa ndiye aliyepewa kazi ya kuzikusanya. Lakini watu walificha maiti zao kwenye chumba cha baridi mpaka mwezi uishe, mkate wa marehemu uendelee kuja. Wiki iliyopita alimkuta bwana Fokin nyuma ya kabati, ameganda kama gogo. Aliripoti. Mkewe akachukuliwa na polisi, na tangu hapo Anfisa hajapata usingizi wa maana.

Asubuhi alipanda kwa Glafira, mama yake Taisia, akiwa na habari njema. Watu wa redio walimtaka msichana aongee na jiji zima, awatie watu moyo. Na angepewa mkate mzima.

Glafira, kichwa kimejaa mvi, alifungua mlango nusu, akasimama katikati. Aliposikia mkate, alimeza mate. Nyuma yake Nyura, binti yake mdogo, alikuwa akilamba bakuli ambalo halikuwa na kitu.

"Haendi," alisema.

"Mama Taisia, ni redio tu. Huko hakuna wa kumrushia bomu."

"Kifua kimembana. Hana sauti."

"Basi nipishe nimwone, nimpe hongera yake. Unamfungia kama kuku anayeatamia?"

"Amelala, Anfisa. Jioni atapanda paani kama kawaida. Huko sijamkataza."

Anfisa alishuka ngazi akinung'unika. Mama gani huyu, anamnyima mtoto redio na mkate, halafu anamruhusu kwenye mabomu? Alimfikiria binti yake mwenyewe, aliyesafirishwa mbali na vita kabla njia hazijafungwa, na moyo ukamuuma. Akaamua kwamba jioni hiyo atapanda yeye, amshushe yule msichana, zamu aishike mwenyewe. Kama mama mtu hana huruma, basi jirani atakuwa nayo.

King'ora kililia giza likiingia. Anfisa alipofika juu, pumzi zimemwishia, bomu lilikuwa limeshatua karibu na bomba la moshi. Taisia, amejiviringisha koti na shali mpaka machoni, alikuwa akilisukuma kwa koleo kuelekea pipa la mchanga. Lilipotumbukia, cheche zikarukia shali. Akaivua upesi, akaipigapiga kwenye theluji mpaka moshi ukakatika, kisha akageuka na kumkuta msimamizi wa jengo amesimama nyuma yake.

Wakatazamana. Mizinga ilikuwa ikinguruma ng'ambo ya mto.

Anfisa aliinama, akaiokota ile shali, akaikung'uta na kumrudishia.

"Jifunge vizuri, Taisia," alisema. "Mvi zinaonekana."